Mawe Niliyoyasugua Lumemo

Kuna siku moja ninayoikumbuka kwa mikono kuliko kwa akili, mwanangu. Nikikunja vidole hivi naisikia: majivu yakichoma mipasuko ya ngozi, mchanga chini ya kucha, na jiwe baridi likigeuka viganjani mwangu mpaka likawa jeupe kama yai la bata. Siku hiyo niliosha mawe. Niliyaosha kwa bidii, kwa mapenzi, kwa kiburi cha mwanamke kijana aliyefunzwa usafi na mama yake. Na kwa usafi huo nusura nimtie kitanzi shingoni mtu aliyenipa mahali pa kulala.

Umekuja kuniaga kwa sababu umepata kazi ya kuangalia mabwawa ya maji machafu kule hospitali. Wenzako wanakucheka, nimewasikia. Wanasema umesoma miaka yote ile ili ukachunge vinyesi. Waache. Mimi niliifanya kazi hiyo kabla baba yako hajazaliwa, na sikupata nafasi ya kucheka. Sogea karibu, sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Ulikuwa mwaka wa njaa, baada ya vita vya Maji Maji. Wanaume wetu walikwisha kunyunyiziwa ile dawa, wakaenda kifua wazi wakiamini risasi zitageuka maji, na hazikugeuka. Mume wangu alikwenda nao. Hakuna aliyeniambia amekufa, wala aliyeniambia yu hai. Nilikuwa mke wa miezi minne tu. Kisha Wajerumani wakachoma vijiji, wakachoma maghala, wakachoma hata mpunga uliokuwa bado shambani. Tuliosalia wakatukusanya kando ya mto Lumemo, karibu na Ifakara, ndani ya kambi yenye uzio wa miti. Waliotulinda walikuwa askari weusi, na mkubwa wao, ambaye cheo chake waliita shaushi, alikuwa mtu wa mbali aliyejua Kiswahili cha kuamuru na cha kutania, basi.

Niliingia kambini na mtu mmoja tu wa kwangu: baba mkwe, Mzee Ligunda, mvuvi wa Kindamba aliyeujua mto kama mtu anavyoujua ugonjwa wake mwenyewe. Shaushi hakumpeleka kubeba magogo. Alimwachia kazi aliyokuwa nayo tangu kabla ya vita, nayo ilikuwa kuchunga mawe.

Nikueleze mawe hayo. Zamani kidogo, kabla pale hapajawa kambi, alikaa daktari mmoja wa Kijerumani aliyeogopa tumbo la kuhara kuliko mikuki. Alimfundisha mzee kujenga njia ya maji machafu. Mtaro ulitoka vyooni na jikoni, ukaingia kwenye shimo ambamo uchafu mzito ulitulia chini. Kisha maji ya juu yakamwagika taratibu kwenye ngazi tatu za mawe, kila ngazi ndefu kama mtumbwi. Mawe yenyewe, ya ukubwa wa ngumi, yalibebwa kichwani kutoka vijito vya upande wa Kiberege, maana kwenye tope letu la bondeni huokoti hata la kumrushia kunguru. Maji yalipenya kati ya mawe tone kwa tone, yakatokea chini, yakaingia bwawa dogo lililozungushiwa matete. Humo mzee alifuga perege. Samaki hao walikuwa chakula cha wagonjwa wa kambi na, kusema kweli, cha shaushi kabla ya wagonjwa.

Daktari alikuwa amekwisha ondoka. Mawe yalibaki, na juu ya mawe palikuwa na ute. Ute mzito, wa rangi ya kahawia, unaoteleza kama ngozi ya kambale. Nilipouona mara ya kwanza nilijifuta mkono kwenye kanga, na sikuwa hata nimeugusa.

Sasa sikia jambo la pili, maana bila hilo utaniona mjinga tu. Kwetu siku zile mke hakusema na baba wa mumewe uso kwa uso. Nikimwona njiani nilipisha, nikapiga magoti nikitazama pembeni. Akitaka jambo, alimwambia mtu wa tatu huku mimi nasikia. Na kama hapakuwa na mtu wa tatu, aliuambia ukuta. Usicheke. Kibanda chetu kilikuwa na ukuta wa udongo ulioelezwa mambo mengi kuliko karani wa boma.

Homa ikamwangusha mzee. Siku hiyohiyo ikaja habari kwamba bwana mkubwa wa boma, Mjerumani mwenyewe, atashuka kutoka Mahenge, avuke mto mkubwa, aje kukagua kambi. Shaushi akapita akipiga fimbo kwenye milango: fagieni, chomeni takataka, pakeni chokaa. Nikamsikia mzee, meno yakigongana, akiuambia ukuta: "Mke wa mwanangu aangalie mtaro usizibe. Mawe asiyaguse. Maji yajiendee."

Nilisikia vizuri, mwanangu. Sitaki useme sikuambiwa. Sikuelewa kwa nini, na mila ilinizuia kuuliza kwa nini. Ningeweza kuuliza ukuta pia. Sikuuliza. Nilijisemea ni homa inayozungumza, na uvivu wa mwanaume aliyekaa miaka bila mke wa kumfulia.

Nikatoka na ufagio wangu. Jirani yangu, Binti Ngwila, alikuwa amekaa na wanawake wengine wakipaka chokaa uzio. Mwanamke yule njaa ilimmaliza mwili wote ikamwachia ulimi.

"Wewe mke wa nyumba ya Ligunda!" akaniita kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo. "Huo ute wenu mtaufanyaje? Bwana akiukanyaga atateleza mpaka Mahenge alikotoka!"

Wanawake wakaangua kicheko. Vicheko vilikuwa adimu siku hizo, na hiki kililipuka juu yangu.

"Ni mawe ya mzee," nikasema.

"Ya mzee, na aibu ya nani? Mama yako alikufunza kusugua chungu, dada, au alikufunza kukitazama?"

Hapo ndipo aliponipata. Mama yangu alikuwa chini ya udongo tangu vita, na kusugua chungu ndicho kitu pekee chake nilichokuwa nimetoka nacho. Nikaenda kwenye majiko yote ya kambi, nikakusanya majivu ndani ya ungo. Nikachota mchanga wa mtoni. Nikainama kwenye ngazi ya kwanza, nikaokota jiwe la kwanza.

Nilisugua siku mbili. Ute ulitoka kwa mabonge, ukaenda na maji. Kila jiwe nililipa majivu, nikalipa mchanga, nikalisuuza, nikalirudisha mahali pake. Ngazi ya kwanza, ya pili, na nusu ya tatu. Nusu iliyobaki ilijificha chini ya matete, na humo ruba walikuwa wamejaa tele. Watatu waliponing'inia kwenye kifundo cha mguu nikasema inatosha, Bwana hataingia kwenye matete. Nikasimama kutazama. Maji yaliruka juu ya mawe meupe, na jua likacheza humo, na kwa mara ya kwanza tangu vita niliona kitu kizuri nilichokifanya mwenyewe. Binti Ngwila alikuja kuangalia. Alipiga kigelegele cha kejeli, kikageuka cha kweli njiani.

Kesho yake asubuhi, kabla sijafika bwawani, harufu ilinipokea. Si harufu ya choo. Hiyo tulikwisha izoea. Ulikuwa ukali, mwanangu, ukali wa mkojo uliolala, unaopanda puani kama sindano na kutoa machozi. Haukuwahi kuwapo pale chini. Juu mtaroni ulikuwapo siku zote, lakini chini ya mawe, kamwe.

Perege wote walikuwa wamepanda juu. Midomo nje, wakimeza hewa, kama watu wanaotafuta neno wasilolipata. Nikawafukuza kwa mkono washuke. Wakashuka kidogo, wakarudi. Kufikia adhuhuri matumbo meupe yalilifunika bwawa lote, na kambale wawili tu, ambao huweza kuvuta hewa ya juu, walikuwa wakipita katikati ya wafu.

Shaushi alikuja na askari wanne. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Aliokota perege mmoja, akamgeuza, akamnusa.

"Utupa," akasema.

Utupa kila mtu wa bondeni anaujua: majani ambayo wavuvi huyaponda na kuyatia majini ili samaki walewe. Na kila mtu alijua vilevile kwamba kwa mtu aliyetoka vitani, sumu kwenye chakula cha Bwana ilikuwa na adhabu moja tu.

"Bwana angekula samaki hawa," shaushi akasema. "Kuna mtu humu bado anapigana vita. Nani mvuvi hapa? Nani anaujua utupa?"

Macho hayana adabu. Yote yalikwenda kwenye mlango wetu.

Walimtoa mzee akiwa na blanketi mabegani, akitetemeka. Wakamsimamisha kwenye ukingo wa bwawa. Aliwatazama samaki. Kisha macho yake yakapanda polepole, ngazi ya tatu, ya pili, ya kwanza, yale mawe yangu yaking'aa kwenye jua. Nikaona uso wake ukielewa. Akanitazama mara moja tu, nusu ya pumzi, akaangalia kando.

"Utupa naujua," akasema. "Lakini sikuutia."

"Nani kautia?"

"Hapana aliyeutia. Samaki wamekufa wenyewe."

"Wenyewe!" Shaushi akawageukia askari wake. "Samaki hawa walifanya baraza, wakakubaliana wote wafe leo?" Askari wakacheka. Yeye hakucheka. "Mfungeni pale langoni. Bwana akifika, kamba."

Na mimi? Nilikuwa nimeshika kata ya maji. Nilisimama nayo. Nilisikia mnyororo ukifungwa kwenye mkono wake wa kulia na kwenye nguzo, na nikasimama. Nilijua kwamba harufu ile ilikuja baada ya majivu yangu. Sikujua kwa nini, lakini nilijua, kama mtu anavyojua ameacha moto nyumbani. Nilisema moyoni: sina hakika. Nilisema: nani atanisikiliza? Nilisema: kesho. Mvua ikaanza jioni, ikanyesha hadi asubuhi, na mzee mwenye homa akasimama ndani yake.

Kulipokucha askari wa lango aliniruhusu nimpelekee uji. Nilipiga magoti nikitazama pembeni, kama nilivyofunzwa, nikainua kibuyu.

"Mkwe," akasema. "Nitazame."

Sikuweza.

"Nitazame, mama. Hapa hakuna ukuta."

Nikainua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake wote kwa pamoja. Ulifanana na wa mume wangu, na hilo sikuwa nimelijua.

"Uliyasugua kwa kitu gani?"

"Kwa majivu na mchanga, baba."

"Yote?"

"Isipokuwa ya mwisho, chini ya matete. Niliogopa ruba."

Alifumba macho, nami sikujua kama analia au anacheka. "Mungu awabariki hao ruba," akasema.

Kisha akanieleza, mkono wake mmoja ukining'inia kwenye mnyororo. Alisema mawe yalipokuwa mapya, maji yalitoka chini na ukali uleule yaliyoingia nao juu, na kila samaki aliyemtia bwawani alikufa. Alimwambia daktari kazi yake ni bure. Daktari akamwambia ngoja. Akangoja mwezi mzima na nusu ya mwezi wa pili. Ute ukaota juu ya mawe, na asubuhi moja akainama kunusa, ukali haupo.

"Ule ute ni mifugo yangu," akasema. "Humo kuna kitu kinaishi, kidogo hata jicho halikioni, na chakula chake ni ule ukali. Kinakua polepole kuliko chochote nilichowahi kufuga. Kinataka maji yatiririke na hewa ipite. Majivu yanakiua."

Juzi, mwanangu, uliponieleza habari za bakteria wanaokula amonia, na kwamba mliwaona shuleni kwa darubini, niligeuza uso nikajifanya nachochea moto. Ulidhani moshi umeniingia machoni.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza mzee.

"Niliuambia ukuta usiyaguse."

"Ukuta haukuniambia sababu, baba."

Matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye nywele zake. "Kweli," akasema. "Hilo ni langu."

"Na jana, mbona hukusema ni mimi?"

"Mwanangu akirudi, nimwambie mkewe nimempeleka kwenye kamba?"

"Na wewe ukinyongwa, akirudi, mimi nitamwambia nini?"

Nikaweka kibuyu chini, nikaenda kwa shaushi.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda akisugua vifungo vya koti lake kwa kitambaa. Nikapiga magoti matopeni.

"Ni mimi niliyewaua samaki," nikasema.

"Wewe? Utupa uliutoa wapi?"

"Sikutumia utupa. Niliyaosha mawe."

Mkono wake ukasimama juu ya kifungo. "Mwanamke, mimi nimepigana nchi tatu. Nimeona watu wakifa kwa risasi, kwa mshale, kwa homa. Kufa kwa usafi sijaona."

Nikamweleza yote, nikijikwaa, nikirudi nyuma, nikianza upya. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwa hilo nitamshukuru daima.

"Nikimwambia Bwana maneno hayo," akasema, "atakayepandishwa kwenye kamba ni mimi."

"Nipe vyungu na perege wawili wazima wa mtoni. Mmoja ataishi katika maji yaliyopita kwenye mawe machafu, na mwingine atakufa katika yaliyopita kwenye masafi. Isipokuwa hivyo, tunyonge wote wawili, mimi na mzee."

"Kamba ninayo ya kutosha." Alivuta uzi uliotoka kwenye koti. "Bwana yuko ng'ambo ya mto mkubwa. Maji yamejaa, mitumbwi haivuki. Yakitulia atavuka, na akivuka, saa chache yuko hapa. Una mpaka hapo. Na nikisikia mchezo wowote, naanza na wewe."

Niliingia kwenye matete mpaka mapajani. Nilikuwa natoa jiwe la kwanza, ute wake ukiteleza mkononi, niliposikia maji yakichapwa nyuma yangu. Alikuwa Binti Ngwila, kanga juu ya magoti.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Ulimi wangu ndio uliokuponza. Leta ungo. Ruba hawa wakinionja mimi watatapika."

Tulibeba mawe yale kama watu wanavyobeba mayai. Nilitoboa matundu kwenye kitako cha chungu, nikakijaza mawe yenye ute, nikakiweka juu ya chungu kingine. Jozi ya pili ya vyungu tukaipanga vilevile, ila kwa mawe niliyoyasugua. Kisha tukaanza kumwaga maji ya mtaroni, mimi kwenye mawe ya ute, Binti Ngwila kwenye masafi, kata kwa kata: yakipenya hadi chini tunayachota, tunayarudisha juu, yapenye tena. Shaushi aliweka kigoda chake katikati asiwe na shaka. Mara kwa mara aliinama akanusa huku, akanusa kule, akarudi kukaa.

Asubuhi yote hapakuwa na tofauti. Nasema kweli. Vyote vilinuka, macho yote yalitoka machozi. Mabega yaliwaka. Nilihesabu mizunguko, nikapotea, nikaacha kuhesabu. Langoni mzee alikuwa ameketi kwa kuning'inia, mkono ukiwa juu, kichwa kifuani, na sikuweza kujua kama anapumua. Binti Ngwila alimwaga maji akiomba kwa sauti ya chini, akitaja mababu zake wote na kuwatukana waliochelewa.

Jua lilipopinduka, mjumbe akaja mbio: Bwana ameshavuka. Yuko njiani.

"Tia samaki," shaushi akasema.

"Bado kidogo."

"Tia samaki!"

Nikawatia. Perege wa chungu cha Binti Ngwila alizunguka mara mbili, akapanda juu, akafungua mdomo. Wangu alizama. Nikasema moyoni amekufa. Kisha naye akapanda, akafungua mdomo vilevile. Wote wawili walikuwa wakimeza hewa. Shaushi alinitazama, akatazama lango, akaanza kufunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja.

Sikujua la kufanya ila lile nililokuwa nikifanya. Nilichukua kata, nikachota maji ya perege wangu, nikayamwaga juu ya mawe yenye ute, polepole, yakarudi tone kwa tone. Nikachota tena, na Binti Ngwila akafanya vilevile upande wake. Na tena. Yule wa Binti Ngwila akalala ubavu. Akageuka tumbo juu. Wangu aliegemea ukuta wa chungu, mashavu yakipwita, nikamwaga, akainama, nikamwaga, akazama chini, akakaa pale wima, mkia ukisogea.

Hivyo ndivyo Bwana alivyotukuta: wanawake wawili wenye damu ya ruba miguuni, vyungu vinne, samaki mmoja hai na mmoja mfu. Alikuwa na tope hadi magotini na hakuwa na subira.

"Nini hii?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Shaushi akanitangulia. Akasimama wima kama mti, akasema: "Bwana, samaki wa kambi wamekufa. Nilidhani sumu. Si sumu. Ni kosa la kazi. Nimeliona kwa macho yangu." Akamwonyesha vyungu. Bwana aliinama juu ya kimoja, akarudisha kichwa kwa ghafla, akafuta pua. Akainama juu ya cha pili. Akakaa kitambo kidogo.

"Mkuu wa mawe nani?"

"Mimi," sauti ikatoka langoni.

"Ni mimi, Bwana!" nikapiga kelele. "Ni mimi niliyeyao..." Shaushi akanisukuma nikaanguka. "Nyamaza," akaninong'oneza kati ya meno. "Usimkumbushe kamba."

"Kosa la kazi," Bwana akasema, akienda zake. "Hamsa ishirini."

Fimbo ishirini na tano, mwanangu, juu ya mgongo wa mzee mwenye homa, aliyesimama usiku mzima mvuani kwa ajili yangu. Sitakueleza. Aliishi. Watu walisema ni muujiza. Lakini mkono wa kulia, ule uliokaa kwenye mnyororo kutoka adhuhuri hadi alasiri ya kesho yake, haukupanda tena juu ya bega. Mvuvi asiyeweza kurusha wavu.

Hapo ndipo ninaposimama kila nikikumbuka. Kuyaosha mawe lilikuwa kosa la kutokujua, na naamini Mungu amekwisha nisamehe. Lakini ile siku moja niliyonyamaza nikiwa najua haikuwa kosa la kutokujua. Ningesema adhuhuri ile samaki walipoelea, mnyororo usingekaa mkononi mwake saa zote zile. Mkono ule uliuliwa na kimya changu.

Tuliyatawanya mawe ya matete katikati ya mawe meupe, moja hapa, moja pale, yaambukize mengine. Mzee alikaa kwenye ukingo akinielekeza, na hakuuambia ukuta tena. Alisema nami, nami nikamjibu, na watu wakanong'ona kwamba nyumba ya Ligunda imepoteza adabu. Mwezi ukapita na mwingine ukafika katikati. Kila asubuhi niliinama kunusa, ukali upo. Asubuhi moja nikainama, nikavuta pumzi, nikavuta tena. Nikamwita aje anuse mwenyewe. Mume wangu hakurudi kamwe. Samaki wa mzee niliwavua mimi, kwa wavu wake, mpaka alipokufa.

Sasa nenda kazini kwako, na uende na haya. Ukikuta kitu kinateleza, kinanuka, kinakuchukiza, usikimbilie kukisafisha. Kaa nacho kwanza, uliza kinafanya kazi gani, kwa sababu vilivyo hai havivai nguo nzuri ili tuvitambue. Mkubwa wako akikukataza jambo, mheshimu, na umuulize sababu; na wewe ukiwa mkubwa, usimkataze mtu bila kumpa sababu, hata awe mkwe wako, hata awe mfagizi. Na siku utakapokosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajafungwa mahali pako. Usisubiri kuwa na hakika. Hakika yangu ilikuja asubuhi, na mtu alikuwa amekwisha simama mvuani.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe pua ya kunusa hatari ingali ndogo, akupe subira ya mwezi na nusu pale wengine wanapotaka ya kesho, na akujalie wakubwa watakaokutazama usoni wanapokuambia neno. Wachanga na wagonjwa wanywe maji salama yaliyopita mikononi mwako, wala wasijue jina lako. Nenda salama.